Nati Nyepesi, Udongo Mzito: Swali la Titaniamu Mkoani Simiyu

Toyota Probox inasimama barabarani kwa nati 16, nne kila gurudumu. Toyota Noah ina nati 20. Scania inayoondoka Bariadi na marobota ya pamba hufungwa nati kumi kila upande wa ekseli. Ukiziondoa hizo, hakuna kingine cha kulizuia gurudumu lisiliache gari na kwenda njia yake. Ni vyuma vidogo, kila kimoja kinatosha kiganjani, na mwenye gari huvikumbuka siku ya pancha tu.

Siku hizi vinakumbukwa kwa sababu nyingine pia. Kijana wa Bariadi mwenye Subaru au Crown akifungua simu yake anakutana na nati zenye rangi ya bluu, zambarau na dhahabu, zinazotangazwa kuwa ni za titaniamu, nyepesi karibu nusu ya zile za kawaida, sawa na za magari ya mashindano. Baadhi ya watengenezaji wakubwa huziuza kweli: McLaren ya Uingereza, kwa mfano, imewapa wateja wake bolti za magurudumu za titaniamu kwenye magari yake ya kasi. Seti halisi inaweza kugharimu mamia ya dola za Marekani. Je, kijana huyu anunue? Naamini swali lake linastahili kujibiwa kwa hesabu, maana jibu lake linagusa hata wasiotarajia kumiliki gari la kasi maishani: abiria wa Noah ya Lamadi, utingo wa Fuso, na mkulima wa Meatu mwenye mkokoteni wa ng'ombe.

Tuanze na kazi ya nati, kwa sababu wengi wetu tunaielewa vibaya. Tunadhani gari limekaa juu ya bolti, kama nguo inavyoning'inia kwenye msumari. Sivyo. Nati ikikazwa inaivuta bolti, bolti inanyooka kidogo sana kama springi ngumu, na ule mvuto unaigandamiza rimu kwenye uso wa habu. Uzito wa gari unabebwa na msuguano wa nyuso hizo mbili zilizobanwa. Bolti ya Toyota ndogo ina kipenyo cha milimita 12, na mtengenezaji anataka nati yake ikazwe kwa nyutonimita 103. Kwa mkazo huo, ikiwa nyuzi ni kavu na safi, kila nati inaibana rimu kwa nguvu ya tani nne na kitu. Nati tano zinakuwa zaidi ya tani 20. Gurudumu moja la Noah tupu halibebi hata nusu tani likiwa limesimama. Akiba ni kubwa mno, na ndiyo sababu gari linaweza kupiga shimo bila gurudumu kusogea hata unywele.

Akiba hiyo inadumu kwa sharti moja: bano lisipungue. Likipungua, rimu inaanza kucheza milimita kwa milimita, na hapo bolti inafanya kazi ambayo haikuumbiwa, ya kukatwa na kupindwa kila gurudumu linapozunguka. Chuma kinachopindwa huku na huku maelfu ya mara huchoka, hupata ufa, halafu hukatika bila kuaga. Kwa hiyo mtu akiniuliza nati nzuri ni ipi, nitamjibu kwamba ni ile inayoshika bano lake. Uzito wake ni habari ya baadaye.

Hata hivyo tuupime huo uzito, kwa kuwa ndio unaouzwa. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.85. Titaniamu inayotumika kwa bolti, ile yenye asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadiamu, ina gramu 4.43. Nati ya chuma yenye gramu 60 ikitengenezwa upya kwa titaniamu itakuwa na gramu 34 hivi. Zidisha tofauti hiyo kwa nati 20, unapata kama gramu 520. Ni chupa ya maji ya nusu lita, kwenye gari la kilo 1,500.

Wauzaji wana hoja ya pili, kwamba uzito unaozunguka ni mbaya kuliko uzito uliotulia. Hoja yenyewe ni kweli, lakini ushahidi wake unaigeukia nati. Ubaya wa uzito unaozunguka hutegemea umbali wake kutoka katikati, na umbali huo huzidishwa kwa wenyewe. Kwenye Noah, nati zimekaa sentimita 5.7 kutoka katikati, wakati uso wa tairi uko kama sentimita 32. Kilo moja iliyoongezwa kwenye uso wa tairi huisumbua injini wakati wa kuondoka kama kilo mbili. Kilo hiyohiyo ikiwekwa kwenye nati itaisumbua kama kilo moja na gramu 30. Kwa maneno mengine, nati iko mahali ambapo uzito unadhuru kidogo kuliko pengine popote kwenye gurudumu. Anayetaka gari jepesi atafute tairi nyepesi, maana kati ya tairi mbili za saizi ileile za watengenezaji tofauti kunaweza kuwa na tofauti ya kilo nzima. Au aoshe rimu kwa ndani baada ya mvua.

Basi titaniamu ina faida gani? Ipo, na ni ya kweli, ila matangazo hayaitaji. Titaniamu hunyooka karibu mara mbili ya chuma kwa nguvu ileile. Bolti ya titaniamu iliyokazwa vizuri ni springi laini zaidi: rangi ya rimu ikibonyea kidogo chini ya nati, au breki zikipata moto na kupoa, bano lake linashuka kwa kiasi kidogo kuliko la bolti ya chuma. Kwenye uwanja wa mashindano, ambako breki hupata moto kila kona na magurudumu hufunguliwa kila mara, hiyo ni sifa ya kulipiwa. Lakini angalia neno lenyewe: bolti. Magari mengi ya Ulaya hufungwa kwa bolti zinazoingia kwenye habu, kwa hiyo mwenye Porsche akinunua titaniamu anabadilisha ile springi yenyewe. Subaru, Toyota na Nissan zina bolti za chuma zilizogongelewa kwenye habu, na anachonunua kijana wetu ni nati tu. Bolti inayonyooka inabaki ileile ya zamani. Amelipia faida ambayo haimo kwenye kifurushi chake.

Titaniamu ina tabia nyingine ya kuijua. Ikisuguana na chuma chini ya mkazo mkubwa bila kilainishi cha kufaa, nyuso hung'ang'aniana na nyuzi huchanika. Kwa hiyo hupakwa mafuta maalumu, na mafuta hubadilisha hesabu yote ya mkazo. Kwa kawaida sehemu kubwa mno ya nguvu ya spana, kama tisa katika kumi, huliwa na msuguano, na kidogo kinachobaki ndicho kinachoivuta bolti. Ukiupunguza msuguano kwa grisi na kukaza kwa nguvu ileile, mvuto unaweza kukaribia mara mbili. Nyutonimita 103 zilizokuwa salama kwenye nyuzi kavu zinaweza kuifikisha bolti ya daraja la uimara la 8.8 mahali inaponyooka bila kurudi. Jambo hili halihusu titaniamu peke yake. Kila fundi anayechovya bolti kwenye oili chafu ili nati iingie kwa urahisi anafanya jaribio hilohilo bila kupima, na siku bolti itakapokatika lawama itaenda kwa spea ya Kichina.

Wala wenye fedha zote hawajakingwa. Machi 2018, kwenye mashindano ya Formula 1 mjini Melbourne, magari yote mawili ya timu ya Haas yalikuwa nafasi ya nne na ya tano. Yakaingia kubadilishwa matairi, na ndani ya muda mfupi yote mawili yakatoka mashindanoni, kwa sababu nati ya gurudumu kwenye kila moja haikukaa sawa kwenye nyuzi. Miaka mitatu baadaye, huko Monaco, nati ya gari la Valtteri Bottas wa Mercedes ilichanika kiasi kwamba gurudumu lilikuja kutolewa kiwandani baada ya mbio. Vifaa bora duniani, mafundi waliofanya zoezi hilo maelfu ya mara, na bado kosa likatoka kwenye kufunga.

Sasa turudi nyumbani, kwenye rimu za spoti, ambazo zipo kweli Bariadi, Maswa na Lamadi. Hapa ndipo hatari kubwa ilipo, na titaniamu haina mkono ndani yake. Rimu za alumini ambazo Toyota ilizifunga kiwandani kwa miaka mingi zinataka nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa. Rimu nyingi za madukani zinataka nati yenye uso wa koni wa digrii 60. Honda hutumia uso wa mviringo kama mpira. Nati hizi zote zinaweza kuwa na nyuzi zilezile, kwa hiyo zitaingia, zitakazika, na mwenye gari ataondoka akiwa na amani. Lakini koni iliyowekwa kwenye tundu bapa inagusa mstari mwembamba tu wa alumini. Mstari huo unabonyea, na bano linaisha safarini. Ongeza na tundu la katikati: kwenye Noah habu ina milimita 60.1, wakati rimu nyingi za madukani zimetobolewa milimita 73.1 ili zitoshee magari ya kila aina. Bila pete ya kujaza nafasi hiyo, kazi ya kuiweka rimu katikati inabaki kwa nati peke yake.

Kuna na nyuzi zenyewe. Toyota, Honda na Mitsubishi hutumia hatua ya milimita 1.5 kati ya uzi na uzi. Nissan, Subaru na Suzuki hutumia 1.25. Kwenye gereji yenye kopo moja la nati za kila gari, nati ya Nissan itaanza vizuri kwenye bolti ya Toyota, itazunguka mara mbili au tatu, halafu itakaza. Aliye na haraka atadhani ni kutu. Atachukua spana, na spana ikigoma ataongeza bomba.

Bomba hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Spana ya tairi yenye mpini wa sentimita 35, ukiivuta kwa nguvu ya kunyanyua kilo 30, inatoa nyutonimita 103 kamili, yaani kile ambacho Toyota inataka. Mtu wa kilo 70 akipanda na kusimama kwenye mpini huohuo anatoa 240. Akiweka bomba la mita moja na kulikalia, anakaribia 690. Hizo ni nguvu za lori la tani 30, ambalo nati zake kubwa za milimita 22 zinakazwa kwa takribani 600. Tumezoea kumsifu fundi anayekaza kwa bomba kuwa ni makini. Kwa bolti ya milimita 12 huo ni uharibifu, na mwenye gari analipa ili bolti zake zivutwe kupita uwezo wao.

Kwa wanaonunua titaniamu, uhalisi ni tatizo lingine. Rangi zile hazithibitishi kitu. Kwenye titaniamu halisi hutokana na utando mwembamba unaojengwa juu yake kwa umeme au moto, bila rangi ya kupakwa, lakini chuma cha kawaida kinaweza kupambwa kikafanana nazo. Bahati nzuri, Kanda ya Ziwa ina watu wanaojua kupima madini. Kwanza sumaku: ikinasa, hicho ni chuma. Isiponasa, inaweza kuwa titaniamu au alumini, na nati ya alumini si ya kuiamini kwenye gari la mizigo. Kisha mizani ya mnunuzi wa dhahabu: pima nati ikiwa kavu, pima tena ikining'inia ndani ya maji, na gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya hizo mbili. Ukipata karibu 4.4, una titaniamu. Ukipata 2.7 au 2.8, umeuziwa alumini. Mwenye mashine ya kusaga chuma anaweza kumaliza ubishi kwa nati moja ya kutoa kafara, maana titaniamu hutoa cheche nyeupe kali.

Simiyu yenyewe ina neno la kusema katika suala hili, na inalisema kwa udongo. Wasukuma wana majina kwa kila aina ya ardhi: luseni ya mchanga, itogolo, ibambasi ngumu, na mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaoilea pamba. Mbuga ikilowa inanata, ikikauka inapasuka na kuwa unga. Gari likipata pancha masika kwenye njia ya kijijini Itilima au Meatu, gurudumu hufunguliwa na kufungwa palepale kwenye tope. Udongo kidogo unabaki kati ya rimu na habu. Nati zinakazwa juu yake, na kila kitu kinaonekana kigumu. Baada ya kilomita kadhaa tope limekauka, limesagika na kutoka, na nafasi yake imekuwa ulegevu. Unene wa karatasi moja unatosha kulimaliza bano, kwa sababu ule unyookaji wa bolti tulioutaja mwanzo wenyewe ni sehemu ya milimita. Kitambaa na brashi ya waya, dakika moja kabla ya kurudisha gurudumu, vinafanya kazi ambayo hakuna madini yatakayoifanya.

Malori yana yao. Fuso nyingi za zamani zilizotoka Japani zina nati mbili kwa kila bolti kwenye magurudumu ya nyuma: ya ndani inabana gurudumu la ndani, ya nje inabana la nje. Ukitaka kukaza ya ndani lazima kwanza uilegeze ya nje. Anayekaza ya nje peke yake analiacha gurudumu la ndani likicheza gizani. Isitoshe, upande wa kushoto wa malori hayo nyuzi zimekatwa kinyume, na nati hukazwa kinyume na mwendo wa saa. Japani yenyewe ilianza kuuacha mfumo huo takribani mwaka 2010 na kuhamia ule wa kimataifa wa nati moja. Sisi tumebaki na mifumo yote miwili katika foleni moja ya kupakia pamba, na kijana wa kubadilisha tairi anatakiwa aitambue kwa macho.

Tena si kila gurudumu lililochomoka ni kosa la kijana huyo. Januari 2002, mjini Yokohama, gurudumu la lori la Mitsubishi lilichomoka na kumuua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake. Matengenezo mabaya ndiyo yaliyolaumiwa, hadi mwaka 2004 kampuni ilipokiri kwamba habu zenyewe zilikuwa na kasoro. Naikumbuka ajali hiyo kila ninaposikia nyingine imefungwa kwa sentensi moja kwamba nati zililegea. Zililegea kwa nini? Habu ilikaguliwa? Bolti zilizokatika zilitazamwa mahali zilipokatikia?

Na kuna mkokoteni. Katika vijiji vya Usukumani mikokoteni mingi ya ng'ombe imeundwa juu ya ekseli na magurudumu ya pikapu zilizokufa. Bolti zilizokwisha maisha yao kwenye gari zinaanza maisha ya pili nyuma ya maksai, mara nyingi nati tatu pale palipotakiwa tano, moja ikiwa ya gari lingine. Mwendo ni mdogo, kwa hiyo ajali yake haitangazwi, lakini gurudumu likitoka na mzigo wa magunia, anayeumia huwa mtoto aliyekaa juu.

Inauma kufikiri kwamba madini yanayouzwa kwetu kwa bei hiyo yapo kwenye mchanga na milima yetu. Mchanga wa Kwale, kusini mwa Mombasa, ulichimbwa na Base Titanium kwa zaidi ya miaka kumi hadi mwishoni mwa 2024, ukasafirishwa kama ilmenaiti na rutaili, madini ya titaniamu, kupitia Likoni. Liganga, wilayani Ludewa, kuna mlima wa chuma uliochanganyika na vanadiamu na titaniamu, ambao mkataba wa kuuendeleza ulisainiwa mwaka 2011 kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na kampuni ya Sichuan Hongda ya China. Titaniamu si adimu, ni ya tisa kwa wingi katika ganda la dunia. Ughali wake unatokana na njia ya kuipata, ambayo William Kroll aliisajili mwaka 1940 na bado ndiyo inayotawala: madini hugeuzwa kwa klorini, kisha husafishwa kwa magnesiamu katika matanuri yaliyofungwa, fungu kwa fungu, kwa umeme mwingi. Sehemu kubwa mno ya mchanga huo wala haifiki huko. Inaishia kuwa unga mweupe wa rangi za ukutani. Inawezekana kabisa mchanga wa Kwale umo kwenye rangi iliyopakwa ukuta wa gereji, na bado nati ya mle ndani ni ya chuma. Anayetaka titaniamu iwe na maana Afrika Mashariki aanze na umeme na matanuri. Nati za rangi zitakuja zenyewe.

Kwa leo, fedha za kijana wa Subaru ziende wapi? Kwa maoni yangu ziende kwenye spana ya kupimia mkazo, ambayo hugharimu chini ya seti halisi ya titaniamu na inaweza kutumika kwa kila gari mtaani. Ziende pia kwenye nati za chuma zenye uso unaolingana na rimu yake. Kwa mwenye mabasi na malori ningeongeza mstari wa rangi uliochorwa kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu, ili nati ikizunguka hata robo, mstari ukatike na kila mtu auone. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) na askari wa usalama barabarani wangeweza kuutaka mstari huo kwenye kila gari la abiria bila kununua chombo hata kimoja.

Lipo jambo jingine ambalo barabara yenyewe imelirahisisha. Watengenezaji wengi husema gurudumu lililofungwa upya likaguliwe mkazo baada ya kilomita 50 hadi 100, nyuso zikishakaa. Kutoka Bariadi kwenda Maswa kwa lami ni takribani kilomita 50. Kwenda Lamadi ni takribani 72. Dereva aliyezibiwa pancha asubuhi stendi ya Bariadi atafika Maswa rimu bado ni ya uvuguvugu. Asimame pale, aisubiri ipoe wakati abiria wakinunua maji, atoe spana yake ya sentimita 35 isiyo na bomba, na aivute kila nati kwa zamu ya msalaba.